Pazia litanyamazisha chumba, si barabara

Swali: Fundi, salaam kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimekodi chumba cha chini katika jengo la ghorofa, mita 6 kwa 5, kwenda juu mita 3. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta, juu ni zege la ghorofa ya pili. Jioni nafundisha watu wazima 12 na tunasikilizana vizuri. Usiku nikikaa peke yangu kurekodi masomo kwa simu ili niwatumie walio mbali, sauti inatoka kama niko ndani ya tangi la maji. Mume wangu anasema tubandike trei za mayai ukutani. Muuza mapazia mmoja wa Kikuubo, Kampala, alinionyesha “pazia la kuzuia sauti” lenye bei ya kutisha, akaniapia kwamba litazima hata boda boda na jenereta ya jirani. Je, kitambaa kinasaidia kweli? Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, salaam zimefika. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe. Jioni mkiwa wengi mnasikilizana, usiku ukibaki peke yako chumba kinakugeuka. Vigae ni vilevile na plasta ni ileile, kilichoondoka ni watu 12 pamoja na mashati, magauni na makoti yao. Kwa hiyo kitambaa kinasaidia, na wewe umekuwa ukikitumia kila jioni bila kukilipia.

Mtu aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alikabidhiwa tatizo la ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg. Humo neno likishatamkwa lilichukua kama sekunde 5 na nusu kufifia, kwa hiyo mhadhiri alikuwa anamaliza sentensi na mwanzo wake bado unazunguka darini. Sabine hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na bomba la kinanda, saa ya kuhesabia sekunde na masikio yake. Usiku wa manane, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani unaoitwa Sanders Theatre, wakaipanga ndani ya Fogg, wakapima, wakaongeza mingine, wakapima tena, halafu mito ikarudishwa kabla wenye ukumbi hawajaihitaji. Njiani akagundua kwamba hata nguo za mwilini mwake zilikuwa zinavuruga vipimo, ikabidi avae mavazi yaleyale kila usiku wa kazi. Koti la mtu mmoja linaonekana katika hesabu, seuze la watu 12.

Alichokipata mafundi tunakitumia mpaka leo. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa vitu vyote vilivyomo. Unapata idadi ya sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60, yaani kutoka sauti ya mtu anayezungumza kwa nguvu hadi karibu kimya. Unyonyaji wenyewe Sabine aliupima kwa kipimo kizuri sana: dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi inahesabiwa kuwa imenyonya yote. Vitu vingine vyote hulinganishwa na dirisha hilo.

Tuingie chumbani kwako. Ujazo ni mita za ujazo 90. Kuta, sakafu na dari kwa jumla ni mita za mraba 126, na vigae, plasta na zege hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayozigonga. Ukijumlisha vioo, mlango wa mbao, madawati na wewe mwenyewe, nakadiria una kama mita za mraba 4.2 za dirisha wazi. Ndogo mno. Mara 90 kwa 0.161 ni 14.5, gawanya kwa 4.2, unapata karibu sekunde 3 na nusu. Hilo ndilo tangi lako. Wakiingia wanafunzi 12, na kila mmoja akaleta karibu nusu mita yake, jumla inafika kama 9.6 na muda unashuka hadi sekunde 1 na nusu. Bado si darasa zuri, maana kiwango cha Marekani kwa madarasa madogo ni sekunde 0.6 yakiwa hayana watu, lakini sikio la binadamu linavumilia na watu wanakutazama midomo. Simu haivumilii na haikutazami.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo mteja huwa haambiwi. Katika kila chumba upo umbali kutoka mdomoni ambapo sauti yako yenyewe na sauti inayorudi kutoka kuta zinakuwa sawa kwa nguvu. Ndani ya umbali huo anasikika Mwalimu, nje yake kinasikika chumba. Kwako, kikiwa kitupu, umbali huo ni sentimita 30 hadi 40 tu. Nadhani simu unaiweka mezani, karibu urefu wa mkono. Ukifanya hivyo unarekodi kuta kuliko unavyojirekodi. Kabla hujatoa hata shilingi moja, jaribu kuileta simu sentimita 20 kutoka mdomoni, upande kidogo ili herufi p na b zisiipulizie, halafu usikilize tofauti. Watu kadhaa niliowaambia hivyo hawakurudi tena kuniuliza habari za mapazia, na mimi nikakosa kazi.

Sasa huyo muuzaji wa Kikuubo. Anachanganya mambo mawili, kama wanavyochanganya wengi, na sidhani kila mara ni hila. Kunyonya sauti iliyo ndani ni kazi moja, kuzuia sauti ya nje isiingie ni kazi nyingine, na vifaa vyake vinakaribia kuwa kinyume. Kinachonyonya kinatakiwa kuwa laini na kupitisha hewa. Kinachozuia kinatakiwa kuwa kizito na kisiwe na tundu hata moja. Pazia zuri lina kama nusu kilo kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 4 kina kilo 10. Ukuta wa matofali uliopigwa plasta unazidi kilo 250. Kila uzito unapoongezeka mara mbili, sauti inayopenya hupungua kama desibeli 5 au 6. Kwa hiyo ukiona jenereta imepita kwenye kioo cha kilo 10, kitambaa cha nusu kilo hakina cha kuifanya, hata wakikiandika jina gani. Tena nina hakika juu ya madirisha yako kuna matundu ya hewa, kama nyumba zetu nyingi zilivyo. Boda boda inaingia hapo bila kubisha hodi, na huwezi kuyaziba kwa sababu mtakosa hewa na joto la Jinja unalijua.

Lakini nimtendee haki. Mlio wa nje ukishaingia, chumba chako kinaukuza kwa kuurudisharudisha. Ukiongeza unyonyaji kutoka 4.2 hadi kama 20, mlio huo ndani ya chumba unashuka karibu desibeli 7, na hilo mtu analisikia wazi. Kwa hiyo mteja anayesema “tangu niweke pazia barabara imetulia” hadanganyi. Anachokosea ni kudhani pazia limefunga mlango. Na pazia lolote lenye unyonyaji huo litafanya hivyohivyo, si lile la bei ya kutisha peke yake. Kwa jenereta dawa yangu ni ya kizamani: piga mpira chini ya mlango, kaa upande ulio mbali na dirisha, na urekodi alfajiri kabla jirani hajaamka.

Trei za mayai nitazipitia haraka. Ni karatasi nyembamba ngumu. Zina mabonde yanayozifanya zifanane na sponji za studio, na kufanana huko ndiko kulikozipa umaarufu. Zinagusa kidogo sauti nyembamba za juu, kwenye maneno hazina msaada wa maana, zinakusanya vumbi na mende, na zinashika moto vizuri. Mwambie shemeji azipeleke kwa wafuga kuku.

Tuje kwenye kitambaa chenyewe, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Kitambaa kinanyonya sauti kwa msuguano. Sauti ni hewa inayokwenda na kurudi. Inapolazimika kupenya kati ya nyuzi inajikuna, nguvu yake inageuka joto kidogo sana, basi. Ukilijua hilo utaweza kupima kitambaa dukani bila mashine. Kikunje mara moja, kibandike mdomoni, puliza. Pumzi ikipita kana kwamba hakuna kitu, kama kwenye neti au shifoni, sauti nayo itapita hivyohivyo, ikagonge ukuta na kurudi. Pumzi ikigoma kabisa, kama kwenye mapazia ya kuzuia mwanga yaliyopakwa utomvu wa plastiki kwa nyuma, sauti nyingi itagonga na kurudi. Unachotafuta ni kitambaa ambacho pumzi inapita kwa taabu: mahameli, sufu, pamba nzito iliyofumwa kwa kukaza, blanketi. Muuzaji atakutazama vibaya ukipuliza bidhaa yake. Mimi nimeshazoea.

Cha pili ni marinda. Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika majedwali tunayotumia sisi mafundi, mahameli nyepesi ya kama gramu 340 kwa mita ya mraba, ikitandazwa bapa ukutani, hunyonya asilimia 11 ya sauti katika hezi 500 (yaani mitetemo 500 kwa sekunde), ambako maneno mengi yanakaa. Mahameli ya gramu 475, ikikusanywa kwa marinda hadi upana wake ukawa nusu, hunyonya asilimia 49 hapohapo, na asilimia 75 katika hezi 1000. Uzito umeongezeka kwa chini ya nusu, kazi imeongezeka zaidi ya mara 4. Kwa hiyo ukuta wa mita 6 unataka kitambaa cha upana wa mita 12. Fundi cherehani akikuambia kwamba mita 7 zinatosha na “litapendeza likinyooka”, mshukuru kisha nunua 12.

Cha tatu ni nafasi kati ya pazia na ukuta. Hewa iliyogusana na ukuta haiwezi kusogea, ukuta umeizuia. Inasogea kwa nguvu zaidi robo ya urefu wa wimbi la sauti kutoka ukutani. Kwa hezi 1000 robo hiyo ni kama sentimita 8 na nusu, kwa hezi 500 ni 17. Kitambaa kilichobandikwa ukutani kinakaa pale ambapo hewa imelala, hakina cha kukwaruza. Sogeza bomba la pazia sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani na kitambaa kilekile kitaanza kula sauti ambazo mwanzo kiliziacha. Ni nyongeza ya bure kabisa, ila mikono ya kushikilia bomba itabidi iwe mirefu kuliko ile inayouzwa madukani.

Haya yote niliyajua kwa fedheha kabla ya kuyajua kwa hesabu. Miaka yangu ya mwanzo kanisa moja, sitalitaja, lilinipa kazi ya ukumbi uliokuwa unarindima vibaya. Nikanunua saten, majora kwa majora, nikaibandika bapa kuzunguka kuta zote kama mapambo ya harusi. Ilipendeza sana. Jumapili mchungaji akashika maikrofoni, akasema “Bwana asifiwe”, na ukumbi ukajibu kabla ya waumini. Saten ile ilikuwa nyepesi, imenyooka, imegusa ukuta: makosa yote matatu kwa pamoja. Baadaye tuliishusha, tukaikusanya kwa marinda mazito upande mmoja tu juu ya blanketi za mitumba, na ikafanya kazi zaidi ya ilivyofanya ikiwa imezunguka ukumbi mzima. Hela ya pili niliitoa mfukoni mwangu.

Upande mmoja, nimesema, na kwako nitasema pande mbili zinazokutana kwenye pembe. Piga kofi moja kali katikati ya chumba kikiwa kitupu. Utasikia “trrrr” fupi kama mbawa za ndege anayeruka. Hiyo ni sauti inayodunda kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kati ya kuta zako zilizoachana kwa mita 5 inakwenda na kurudi kama mara 35 kwa sekunde. Ili kuua mdundo huo huhitaji kufunika kuta zote mbili, inatosha kuvunja mmoja wa kila jozi. Funika ukuta mmoja wa mita 6 na mmoja wa mita 5 unaopakana nao, na jozi zote mbili za kuta zimevunjwa. Jozi ya dari na sakafu utaivunja kwa zulia.

Hesabu yake ni hii. Kuta hizo mbili ni mita 11, pazia la kwenda chini mita 2.7, karibu mita za mraba 30. Kwa asilimia 49 unapata karibu 15 za dirisha wazi. Zulia la mita 3 kwa 4 juu ya vigae linaongeza kama 1.7, si nyingi, maana zulia hunyonya zaidi sauti za juu. Jumlisha na 4.2 ulizonazo, unakaribia 21. Muda unashuka kutoka sekunde 3 na nusu hadi 0.7. Wakija wanafunzi wako utakuwa chini kidogo ya 0.6. Na ule umbali wa Mwalimu na chumba unapanuka hadi sentimita 65 au zaidi, kwa hiyo simu ikikaa mezani bado itakusikia wewe. Haya ni makadirio, matundu yako ya hewa na madirisha ukiyafungua yatasogeza tarakimu, lakini hayatakupeleka mbali na hapo.

Kitambaa cha kazi hiyo, mita 22 za jora lenye upana wa 2.8 likilazwa, kina uzito wa karibu kilo 29. Usitundike mzigo huo kwenye zile fimbo nyembamba za kuvutana wala kwenye waya. Mwone fundi wa kuchomelea akukatie bomba la chuma lenye mikono ya sentimita 20, na kila mkono ushikwe na skrubu ndefu zilizoingia kwenye tofali, si kwenye plasta. Nimewahi kuona pazia likimvaa mwanakwaya. Chini liache sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, vinginevyo siku ya kupiga deki litanyonya maji badala ya sauti, na unyevu wa ziwani utakuletea ukungu na harufu. Faida ya pazia juu ya mbao na paneli za kubandika ni kwamba linasogea. Darasa likijaa unaweza kulivuta pembeni nusu, usiku unalifunga lote.

Kama lengo lako la haraka ni kurekodi tu, usinunue mita 22. Tundika kwenye pembe moja, mita 2 kila upande kwa marinda, ukae ukiitazama pembe hiyo, simu ikiwa kati yako na kitambaa. Utaonekana kama mtoto aliyeadhibiwa, lakini sauti yako inakutana na kitambaa kabla haijazunguka chumba. Weka na kitu laini mgongoni pia, hata nguo nyingi zilizotundikwa kwenye kamba, maana kinachotoka mbele yako kitakurudia kwa nyuma.

Nisikufiche udhaifu wa kitambaa: sauti nzito hakiiwezi. Mahameli ile ile inayonyonya asilimia 49 katika hezi 500 inanyonya asilimia 7 tu katika hezi 125. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, robo yake ni sentimita 86, na hakuna mtu atakayesogeza pazia hadi huko labda awe anafuga mbuzi nyuma yake. Sauti ya mwanamke huanzia karibu hezi 200, ya mwanamume karibu 120, kwa hiyo wewe utaumia kidogo kuliko angerekodi shemeji. Lakini ukiweka mazulia na mapazia kila mahali bila kitu kingine, utaishia na chumba kilichozibwa masikio juu na kinachovuma chini, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa shuka. Ndiyo maana sikushauri kufunika kuta zote nne. Badala yake ingiza vitu vinene: kochi la zamani lenye mto wa maana, godoro lililosimamishwa pembeni nyuma ya pazia, rafu ya mbao iliyojaa vitabu vya ukubwa tofauti. Godoro pembeni linafanya kazi nzuri isiyolingana na sura yake.

Pa kununua. Kabla ya duka lolote, nenda kwenye mitumba, au mivumba kama tunavyoiita Kampala. Owino kuna marobota ya mapazia mazito na blanketi za sufu kutoka Ulaya, zilizofumwa kwa ajili ya baridi ambayo sisi hatuna, na kwa kazi hii hazina mpinzani. Rangi hazitafanana. Shona blanketi mbili pamoja zikae nyuma, mbele weka kitenge au pamba unayoipenda. Mradi kitambaa cha mbele kinapumua, sauti itapita ikakutane na blanketi. Hivyo unapata uzuri unaoutaka na uzito usioonekana.

Wapo wanaoniuliza juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachopondwa kwa nyundo za mbao, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 na kukiingiza rasmi katika orodha yake ya urithi mwaka 2008. Napenda swali hilo. Ukiingia nyumba ya jadi ya Buganda, nyasi nene juu, mikeka chini, pazia la lubugo mbele yako, utashusha sauti bila kuambiwa, na si kwa heshima peke yake. Kila kitu humo kinapumua. Jumba kuu la Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, lilikuwa hivyo kabla ya moto wa Machi 2010. Lakini lubugo moja iliyotandazwa ukutani ni nyembamba kama kitambaa kingine chochote. Ukiitaka, ikusanye kwa marinda, iweke mbali na ukuta, blanketi nyuma. Tena usiisugue kwa maji kama shuka.

Na moto, kwa kuwa nimeutaja. Kitu kimoja ninachokataza kabisa ni kukata sponji la godoro na kulibandika ukutani au darini. Mwaka 2003 klabu ya The Station katika jimbo la Rhode Island, Marekani, ilishika moto kwa cheche za fataki zilizogusa sponji la kunyamazisha sauti, wakafa watu 100. Mwaka 2013 klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, vivyo hivyo, wakafa 242. Sponji likiwaka linatoa moshi wa sumu kwa dakika chache kuliko zinazohitajika kutafuta mlango. Lile godoro nililokushauri libaki ndani ya foronya yake nene, mbali na kila chenye moto. Pazia nalo linawaka, la nailoni linayeyuka na kudondoka, kwa hiyo sigiri isiingie chumba hicho, na umeme ukikatika tumia tochi, si mshumaa. Mlango usifunikwe.

Vumbi utalipata, hasa kiangazi. Kung’uta mapazia kila wiki na uyafue kila baada ya miezi michache. Kama kuna mwanafunzi mwenye pumu, sufu itamsumbua, mpe pamba nzito iliyofuliwa. Mbu watajificha nyuma ya marinda, hilo sina dawa nalo zaidi ya kuyatikisa jioni.

Uliuliza uanzie wapi. Anza kama Sabine, kwa kuazima. Jumamosi hii kusanya blanketi zote za nyumbani na mbili tatu za jirani. Kabla hujatundika kitu, rekodi sentensi moja, simu ikiwa sentimita 60 kutoka kwako, kisha piga kofi moja. Tundika blanketi kwenye kamba katika ile pembe, zikiwa zimekunjamana na mbali kidogo na ukuta, halafu rekodi sentensi ileile na kofi lilelile. Sikiliza zote mbili kwa vifaa vya masikioni, hasa ule mkia wa sauti baada ya kofi. Ukisikia mkia umekatika, unajua unachonunua na kiasi chake. Usiposikia tofauti, niandikie tena na unitumie rekodi zote mbili kabla hujarudi Kikuubo. Usiku huohuo rudisha blanketi za jirani, na za shemeji pia, la sivyo atarudia habari za trei.